Barabara Iliyoelekea Kibla: Usiku Wetu Kando ya Ziwa Paradise



Marehemu baba yetu alikuwa dereva wa lori. Kwa zaidi ya miaka ishirini alipakia mizigo mjini Nairobi na kuipeleka Marsabit na Moyale, nasi tukabaki na mama yetu kumngojea. Kila aliporudi alitusimulia mambo mawili, tukayasikia mpaka tukayahifadhi. La kwanza ni kwamba barabara ile yote inaelekea Kibla, kwa hivyo dereva wa kaskazini huendesha hali uso wake uko Makka. La pili ni kwamba mbele ya jangwa upo mlima wenye msitu, na miti ya msitu huo hutoa maji ilhali hakuna mvua. La kwanza mama alilikubali. La pili hakulikubali hata siku moja.

Mama alikuwa na sababu ya kutoipenda barabara hiyo. Zama zile haikuwa na lami. Magari yalisubiriana Isiolo yakaondoka kwa msafara, yakilindwa na askari kwa hofu ya majambazi, na mvua ikinyesha safari ya siku mbili iliweza kuwa ya wiki nzima. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa wakati baba amekwama matopeni. Akika ikasomwa siku ya saba bila yeye, naye akaingia nyumbani siku ya kumi na moja, akiwa na kibuyu cha maziwa ya ngamia na hadithi za ziwa liitwalo Paradise. Mama hakugombana naye. Alipokea kibuyu, akanyamaza, na kunyamaza kule tulikusikia nyumbani kwa miaka mingi.

Baba alifariki mwaka juzi. Mama alipomaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, tulimleta kutoka Mombasa akae nasi Kileleshwa, upande wa magharibi mwa Nairobi. Likizo ya Agosti ilipokaribia tulimwuliza angependa kwenda wapi. Tulidhani atasema Lamu, kwa jamaa zake. Alijibu, "Nipelekeni huko alikokuwa akienda baba yenu."

Kabla ya safari tuliwapeleka watoto katika Makumbusho ya Taifa, umbali mfupi kutoka katikati ya jiji. Uani pale pamesimama sanamu ya ndovu wa Marsabit aliyeitwa Ahmed. Pembe zake zilikuwa ndefu, zikikaribia kugusa ardhi, na kwa kuwahofia majangili Rais Jomo Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 kwamba alindwe usiku na mchana. Alikufa mwaka 1974 kwa umri wake mwenyewe wala si kwa risasi. Watoto walifurahi kumkuta ndovu mwenye jina la Kiislamu. Mama alimtazama sana, kisha akasema kwamba serikali ilimwekea ndovu walinzi, na wake za madereva wakawekewa dua tu. Tulicheka, lakini yeye hakucheka.

Tulisali Alfajiri, tukaondoka: mama, sisi dada watatu, watoto watano, na kaka yetu ambaye ndiye aliyeshika usukani. Tulipita Thika, tukapanda mpaka Nanyuki chini ya Mlima Kenya, tukateremka Isiolo. Hapo tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili, kama msafiri anavyoruhusiwa. Kuanzia Isiolo nchi inabadilika. Baada ya Archer's Post na Mto Ewaso Ng'iro miti inakuwa mifupi, mlima wa Ololokwe unasimama peke yake kama meza ya mawe, na ngamia wanaonekana pande zote. Merille, Laisamis na Logologo ni vituo vidogo katika ardhi kavu inayomalizia macho. Siku hizi lami imefika mpaka Moyale, na gari linakwenda bila kutetemeka. Mama aliuliza mara tatu, "Hapa ndipo palipokuwa na matope?" Kaka akajibu kila mara, "Ndiyo, mama, hapahapa."

Jua lilipokuwa likiinama tuliuona Mlima Marsabit, kijani kibichi katikati ya ukavu. Huu ni mlima wa volkano uliozimika zamani, na juu yake yapo mashimo makubwa ambayo wenyeji huyaita gof. Ndani ya mojawapo limo Ziwa Paradise. Jina hilo lilienezwa na Martin Johnson na mkewe Osa, Wamarekani waliopiga kambi hapo miaka ya 1920 wakipiga picha za sinema za wanyama. Wenyeji walikuwa na jina lao kabla ya hapo, Sokorte Guda. Uwanja wa kupigia kambi uko ukingoni mwa shimo, na ziwa liko chini kama maji yaliyosalia ndani ya bakuli kubwa. Ulikuwa msimu wa kiangazi, kwa hivyo ziwa lilikuwa limerudi nyuma na kuacha pete pana ya tope lililopasuka. Nyati walikuwa wakivuka pete hiyo polepole kwenda kunywa.

Pale hatukukuta duka, umeme wala mfereji. Tulikuwa na madumu matano ya lita ishirini kwa watu kumi, nayo yalikuwa ya kunywa, kupikia, kuosha na kutawadha. Watoto wetu ni wa Nairobi, hufungua bomba wakapiga mswaki huku maji yakimwagika. Jioni ya kwanza dumu zima liliisha kabla ya Magharibi. Mama hakuwakemea. Alichukua kikombe kimoja, akakaa juu ya jiwe, akatawadha mbele yao kuanzia viganja mpaka miguu, na tone likabaki. Kisha akawaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd mmoja, yaani kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vikijazwa pamoja. Sisi wenyewe tuliisoma habari hiyo madrasani tangu utotoni. Hatukuwahi kuijaribu.

Usiku ulikuwa na baridi ambayo mtu wa pwani haitarajii kaskazini. Tulikula mahamri na mbaazi tulizobeba, tukanywa chai ya tangawizi. Askari wa hifadhi tuliyemwomba alale karibu nasi, mzee wa Kiborana, alisali Isha pamoja na kaka. Mama alimwuliza kama aliyakumbuka malori ya zamani. Alisema anayakumbuka sana: msafara ulipochelewa, mji mzima ulikaa bila unga na bila sukari, na wanawake walitoka barabarani kutazama vumbi la magari. "Tuliwaombea madereva, mama," alisema. "Tulijua na wao wana watu wanaowangoja." Mama alivuta shuka mabegani, akanyamaza. Safari hii kunyamaza kwake hakukutisha. Mbali kidogo fisi alilia, na watoto wote wakahamia hema moja.

Kabla ya Alfajiri tuliamshwa na sauti ya matone juu ya turubai. Tulidhani ni mvua, tukakimbilia kuvuta viatu ndani. Nje hapakuwa na mvua. Ukungu mzito ulikuwa umepanda kutoka nyika, umeujaza msitu, na ziwa halionekani tena. Kila mti ulikuwa umevaa nyuzi za kijani kijivu zinazoning'inia kama ndevu za wazee, na kila uzi ulikuwa ukidondosha maji. Mbali kidogo na miti ardhi ilikuwa kavu kabisa. Chini ya miti ilikuwa imelowa. Katika mkunjo wa turubai yalikuwa yamekusanyika maji yapata vikombe viwili.

Mzee yule alitueleza kwamba ndivyo mlima huu unavyoishi. Upepo unaleta unyevu kutoka mbali, miti inaunasa, maji yanazama ardhini na kutokea kwenye chemchemi na visima ambavyo watu wa mji na mifugo yao huvitegemea. Mti ukikatwa, ukungu utapita juu ya mlima kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Mama alikinga mikono chini ya tawi. Alitulia hivyo muda mrefu, mikono ikajaa. Akayachukua na yale ya kwenye turubai, akatawadha kwa maji hayo, nasi tukasali nyuma ya kaka, nyuso zetu kaskazini, upande ule ule ambao barabara ilikuwa ikitupeleka jana yake. Baada ya salamu alibaki ameinua mikono kwa dua ndefu. Alipomaliza alisema neno moja tu: "Kumbe hakunidanganya."

Tumelitafakari neno hilo tangu turudi. Hatusemi kwamba lilifuta miaka ya kungoja, kwa maana upweke wa mwanamke aliyejifungua bila mumewe hauondolewi na matone ya ukungu. Lakini tulimwona mama akimpokea baba kutoka safarini, kwa mara ya mwisho, mahali ambapo yeye hakuwahi kualikwa. Huenda wengi wetu tunawadai marehemu wetu jambo ambalo lingepungua uzito kama tungekwenda kuyaona kwa macho yale waliyokuwa wakitusimulia.

Na lipo la wale walio hai. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, linalojazwa na mito ishukayo kutoka misitu ya milima ya Aberdare. Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, na tulizoea kulalamika kisha tukanunua ya lori. Sasa tunaujua msitu unachokifanya, na kikombe cha mama kimewekwa kando ya sinki. Watoto hutawadha kwa hicho, tena hushindana nani atabakisha.

Kwa familia zitakazopenda kufuata njia hii, tunashauri haya. Gawanyeni safari ikiwa mna wazee au watoto wachanga, mlale Isiolo au Nanyuki. Ulizeni hali ya usalama na ya njia kabla ya kuondoka, na lipeni ada za hifadhi mapema. Bebeni maji yenu yote, jiko la gesi, tochi na nguo nzito, hata kama ramani inawaonyesha jangwa. Msilale bila askari wa hifadhi, na msiache chakula nje, kwa kuwa nyati, ndovu na fisi ndio wenyeji wa hapo. Takataka zenu rudini nazo. Na akiwapo mzee nyumbani ambaye alisikia habari za mahali fulani maisha yake yote bila kupaona, mpeni yeye kiti cha mbele.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na wasafiri wote waliotangulia, awape subira wanaongoja nyumbani, na aihifadhi misitu inayotunywesha. Amin.