Damu Iliyoongezwa Hupimwa Tena

Umekwisha jifunza kwamba damu ina chembe nyekundu. Chembe hizo huchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika sehemu zote za mwili. Ndani yake mna hemoglobini, ambayo huipa damu rangi nyekundu. Mtoto wa umri wako anapaswa kuwa na hemoglobini gramu 11.5 au zaidi katika kila mililita 100 za damu.

Mimi nilikulia Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Huko mvua ni nyingi, na maji hutuama katika mashamba ya mpunga. Mbu huzaliana humo na kutuambukiza malaria. Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu na kuzipasua. Mdogo wangu alipougua, hemoglobini yake ilishuka hadi gramu 4. Viganja vyake vilipauka, naye alihema kwa shida. Hospitalini aliongezwa damu na kupewa dawa ya malaria.

Jioni mgonjwa aliomba wali. Mama akafurahi, akasema, "Sista, mtoto amepona. Baba yake anatungoja tuvune mpunga."

Muuguzi akajibu, "Vumilia, mama. Kwanza tumpime."

Alimchoma kidole, akapata gramu 8. Kesho yake alipima tena, akapata gramu 7.

Je, gramu moja ilikwenda wapi? Vijidudu vilivyokuwa havijafa kwa dawa viliendelea kupasua chembe, hata zile alizoongezwa. Mwili nao huhitaji majuma kadhaa kutengeneza chembe mpya za kutosha katika uboho wa mifupa. Kwa hiyo tulikaa hospitalini mpaka damu ilipoacha kushuka, na baada ya mwezi mmoja tulirudi kumpima.

Nchini Uganda na Malawi, madaktari waliwafuatilia kwa siku 180 watoto waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Hao pia walipimwa tena na tena.

Basi, ndugu yako akiongezwa damu, mkumbushe mzazi siku ya kurudi kupimwa, hata kama mgonjwa anacheza. Kucheza si kipimo cha damu.

Zoezi
1. Chembe nyekundu hufanya kazi gani?
2. Kwa nini damu ya mgonjwa wa malaria huweza kupungua hata baada ya kuongezwa?