Mto Msimbazi na Watoto wa Shule

Mwalimu atakaye kuwafundisha watoto habari za mito hana haja ya kwenda nao mbali. Kutoka soko la Kariakoo hata bonde la Jangwani ni mwendo mfupi kwa miguu, na hapo Barabara ya Morogoro yavuka mto Msimbazi. Tulikwenda na darasa wakati wa kiangazi, maana siku za masika bonde lile si mahali pa kuwapeleka watoto.

Walipouona wakastaajabu, wakasema, "Mbona mto wenyewe ni mdogo?" Tukawaambia watazame kingo zake. Mahali mto upindapo, ukingo wa nje umekatwa wima kama ukuta, na upande wa ndani mchanga mwingi umelala. Sababu yake ni hii: maji ya nje huenda mbio, yakaula udongo, ya ndani huenda polepole, yakautua mzigo wao. Kisha mwalimu akachota maji katika chupa, watoto wasiyaguse kwa kuwa ni machafu. Punde mchanga ukashuka chini, na tope laini likakaa juu yake.

Basi tukauliza, "Udongo huu umetoka wapi?" Umetoka juu. Msimbazi waanza katika vilima vya Pugu, nao waingia baharini penye Daraja la Salender. Miti ikikatwa vilimani, mvua hupiga udongo mtupu na kuuchukua. Mchanga wa kujengea ukichimbwa mtoni, kingo hubomoka. Mzigo huo wote hufika Jangwani palipo tambarare, ukatua, na kina cha mto hupungua. Ijapo mvua kubwa, maji hukosa nafasi, yakaingia nyumbani mwa watu.

Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2011. Watu zaidi ya 40 walikufa katika mafuriko ya Dar es Salaam, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hata baadaye, kituo cha mabasi yaendayo haraka kilichojengwa Jangwani kiliingiwa na maji mara kwa mara.

Wazazi wapenzi, mtoto wenu akirudi na kutaka kupanda majani ukingoni, au akiwakataza kutupa taka mferejini, msimcheke. Aushikaye udongo wake huko juu amlindia nyumba mtu wa chini asiyemjua.