Matanga ya Mguu

Hujafa hujaumbika. Kwetu Unguja methali hii husemwa kumkanya anayemcheka mwenye kilema. Nami niliisema mara nyingi, nikiwa nimesimama kwa miguu miwili.

Mwaka 2017, nikiwa na umri wa miaka 47, nilikuwa wakala wa kutoa mizigo mpakani Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Asubuhi moja nilipita kati ya malori yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Lori moja likarudi nyuma. Siku ya tatu nilikatwa mguu wa kulia, juu ya goti. Wenzangu msikitini waliuvika kitambaa, wakauzika. Mimi nilikuwa sijazinduka.

Waliokuja kunijulia hali waliniletea neno moja: subira. Nililipokea kwa heshima, lakini halikunifaa, kwani usiku kidole gumba cha mguu uliozikwa kiliniwasha. Nikinyoosha mkono kukikuna, nagusa shuka. Daktari alinieleza kwamba ubongo huendelea kukitambua kiungo ambacho mwili umekwisha kukipoteza. Nikawa mkali kwa mke wangu. Mashairi niliyoyatunga tangu ujana nikayaacha. Hata honi ya treni ya TAZARA niliichukia, kwa sababu treni ilikuwa ikienda.

Jirani yangu, mzee wa Kinyamwanga, ndiye aliyeniuliza: "Mwanangu, kaburi lake umewahi kulizuru?"

Nilidhani ananitania. Kisha tukaenda, mimi na magongo yangu, naye akipunguza mwendo ili tulingane. Palikuwa na tuta dogo la udongo, halikuzidi urefu wa mkono. Nikaketi chini, nikalia kama nilivyomlilia baba yangu. Ndipo nilipofahamu kwamba sikukosa subira. Sikuwa nimekaa matanga. Kwetu aliyefiwa huketi na watu wake siku tatu, akaachwa alie, ndipo tanga likaondolewa. Mimi nilitakiwa niondoe tanga ambalo halikuwahi kuwekwa.

Sisemi kwamba nimepona. Kidole kile bado huniwasha, hasa usiku wa baridi ya Juni. Lakini mke wangu nilimwomba radhi, na kalamu nimeishika tena. Methali ile siisemi tena juu ya wengine. Hujiambia mwenyewe asubuhi, ninapofunga mikanda ya mguu wa bandia.

Ndugu zangu Unguja huniita nirudi nyumbani. Nitarudi, Mungu akipenda. Ila nawajibu kwamba wasiniharakishe, kwani huku nina kaburi.