Kabati la Vitufe Sita

Mahali paitwapo Makoroboi, katikati ya mji wa Mwanza, palipata jina lake kwa kazi ya mikono. Koroboi ni taa ndogo ya mafuta ya taa, na mafundi wa mahali pale, chini ya majabali yanayoinamia maduka, walizitengeneza kwa makopo na vipande vya bati vilivyokwisha kutupwa. Kopo lililotoka kiwandani ili lihifadhi chakula lilikatwa, likakunjwa, likatiwa utambi, likaenda kuangaza nyumba ya mtu ambaye pengine hakupata kuonja chakula kile. Watu wengi hudhani kwamba kutengeneza ni kukirudisha kitu katika hali yake ya kwanza. Fundi wa koroboi alikuwa na fikira pana zaidi. Alikitazama kitu kilichokwisha kazi moja, akakiuliza kama kina nguvu ya kufanya kazi nyingine.

Katika mtaa huo huo wenye jina la taa, fundi kijana wa redio na simu aliletewa kabati la mchezo. Lilikuja juu ya mkokoteni, limefungwa kamba kama mbuzi wa kuuzwa, na nyuma yake alitembea mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa mchuuzi wa dagaa kwa miaka mingi kabla magoti yake hayajamkataza kuinama.

Kabati lenyewe lilikuwa la Kijapani, nalo lilifika Tanzania kwa njia ifikayo magari mengi ya nchi hii, yaani baada ya wenyewe wa kwanza kulichoka. Kimo chake kilikuwa cha mtu mfupi. Kioo chake kilikuwa kile cha chogo, kizito kuliko mtoto wa shule. Mbele palikuwa na nafasi za wachezaji wawili, kila mmoja na kijiti chake cha kuongozea na vitufe vitatu. Ubongo wake uliitwa Sega NAOMI, chombo kilichotolewa mwaka 1998, ndugu wa Dreamcast iliyoingia majumbani mwa Wajapani mwaka ule ule. Umeme wa nyumba za Japani ni wa volti 100, na wa Tanzania ni wa volti 230; kwa hiyo tumboni mwa kabati ilikaa transfoma ya kuupunguza. Kila aliyelisukuma kabati lile aliilaani transfoma, ingawa bila yake ubongo ule ungaliungua siku ya kwanza.

Kibanda cha mama kilikuwa katika njia iendayo Mwaloni, Kirumba, penye soko kubwa la dagaa. Biashara yake ilifuata mwezi wa mbinguni. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri. Mwezi uwapo mpevu nuru ya taa hushindwa, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hulala ufukoni. Katika siku hizo chache wavuvi vijana huwa na fedha mfukoni na hawana kazi mikononi, hali ambayo kila mfanyabiashara wa ufukoni huijua na kuingojea. Mama aliijua pia. Watoto wa shule walimpa sarafu zao mchana, na wavuvi walimpa zao usiku wa mbalamwezi.

Lakini mchezo ulikuwa mmoja tu, Virtua Tennis 2, mchezo wa tenisi wa mwaka 2001. Mwaka wa kwanza watu walipanga foleni. Mwaka wa pili kila mtoto alijua namna ya kumshinda kila mpinzani, na mwaka wa tatu hapakuwa na mtu wa kulipa ili ashinde jambo alilokwisha kulishinda mara mia. Hii ndiyo kasoro ya chombo kilichofanywa kwa ajili ya mchezo mmoja: wachezaji huwa hodari, nacho hubaki pale pale. Kisha jicho la kusomea diski likaingia vumbi na uzee, likawa lafungua mchezo leo na kesho likataa.

Wakati huo alikuja mtu na shauri. Alitaka nafasi ya kabati ili aweke dubwi, yaani ile mashine ya kubahatisha imezayo sarafu za shilingi 200 katika vilabu na maduka ya mitaani. Angelipa kodi ya kila mwezi, na sehemu ya mapato juu yake. Biashara hiyo ina sheria. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kuisimamia, na mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini sheria hukaa Dodoma na Dar es Salaam, na mtoto mwenye sarafu hukaa mlangoni.

Mama hakumjibu mtu yule. Akapakia kabati juu ya mkokoteni.

“Mwanangu,” alimwambia fundi, “nataka kujua jambo moja. Kitu hiki kinaweza kuishi, au nimeleta maiti?”

Fundi alifungua mlango wa nyuma, akakaa kimya kwa muda. “Shikamoo, mama. Kinaweza. Lakini nina swali. Ukipewa kodi kila mwezi bila jasho, kwa nini unahangaika?”

“Marahaba. Nilimwona kijana wa mtumbwi akisimama mbele ya lile dubwi la jirani kutoka magharibi mpaka usiku wa manane. Alikuwa na ujira wa giza zima. Alitoka akiomba nauli. Mama yake nilikuwa nikianika naye dagaa mwamba mmoja. Nitamtazamaje?”

Hapana shaka neno hilo halikuwa hesabu ya biashara. Mtu wa hesabu angalisema kwamba kijana yule, akikosa dubwi hapa, atalipata hatua ishirini mbele, na angalisema kweli. Walakini kuna tofauti kati ya ubaya uliopo duniani na ubaya uliopo katika kibanda cha mtu, ambao yeye mwenyewe ameuwekea umeme.

Katika mlango wa nyuma fundi aliona jambo ambalo mwenye kabati hakulijua. Ubao wa kumbukumbu, ule upokeao mchezo kutoka katika diski, ulikuwa na tundu la waya wa mtandao. Chombo cha namna hii hakichezi mchezo moja kwa moja kutoka katika diski. Kiwashwapo huusoma mchezo wote, huumimina katika kumbukumbu yake, kisha hucheza kutoka humo. Diski hubaki bila kazi mpaka mashine itakapozimwa na kuwashwa tena. Sega iliweka tundu la mtandao katika baadhi ya mbao hizo. Baadaye wapenda mashine wa nchi mbalimbali wakagundua kwamba kupitia tundu hilo kompyuta yoyote yaweza kuumimina mchezo kana kwamba ndiyo diski. Kinachohitajika ni kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambayo imeuzwa tangu mwaka 2012 na hutoshea katika kiganja cha mkono, kadi ya kuhifadhia michezo, na waya mmoja mfupi. Neno mtandao lisimpoteze mtu, intaneti haihitajiki. Mtandao wote una wakazi wawili, ubao na kompyuta ndogo, nao wamo katika kabati moja. Kila mmoja hupewa anwani yake ya tarakimu, na anwani hizo zikikosana hata kwa tarakimu moja, hawasikilizani.

Palikuwa na kizuizi kingine. Kila diski ya zamani ilikuja na kijiwe chake cha ufunguo, kilichochomekwa katika ubao, na mchezo usingefunguka bila kijiwe chake. Kwa kazi hii huwekwa kijiwe chenye ufunguo wa sifuri tupu, na mchezo hupelekwa ukiwa tayari kwa ufunguo huo. Fundi alikiagiza kijiwe, akangoja majuma kadhaa.

Je, michezo ingetoka wapi? Vijana waliokuwa wakipita dukani walikuwa na jibu jepesi, kwamba yote hupatikana bure. Fundi aliwaambia kwamba michezo hiyo ina wenyewe, na kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huzitaja programu za kompyuta kama inavyovitaja vitabu. Wakamcheka. Yeye akamwuliza mama kama alipewa kitu kingine siku aliponunua kabati. Mama akakumbuka mfuko uliokuwa chini ya kitanda. Ndani yake ilikuwamo diski ya pili pamoja na kijiwe chake, Capcom vs. SNK 2, mchezo wa kupigana, nao pia wa mwaka 2001. Haukupata kuwekwa hata siku moja, kwa sababu yule aliyemwuzia alimwambia kwamba kabati hili haliuwezi.

Naye alisema kweli kwa nusu. Ubongo uliuweza, mikono ndiyo iliyopungua. Mwaka 1985 Wajapani walikubaliana kanuni ya kuunganisha mbao za michezo na makabati, iitwayo JAMMA, yenye miguu 56 ya shaba, nayo iliwapa wachezaji vitufe vitatu kila mmoja. Kwa miaka kadhaa hivyo vilitosha michezo mingi. Ndipo mwaka 1991 ulipotoka Street Fighter II, uliotaka vitufe sita: vitatu vya ngumi, hafifu, ya kadiri na nzito, na vitatu vya mateke kwa mpango huo huo. Dunia nzima wenye makabati wakachukua keekee na kutoboa. NAOMI ilikuja na kanuni mpya ya kuunganisha, yenye nafasi ya vitufe vingi zaidi, lakini nafasi katika ubao haitoboi bamba la chuma. Mtu anayetaka vitufe sita ni lazima ashike chombo na kutoboa.

Fundi alichora kwanza kwenye karatasi. Aliweka mkono wake juu, akachora vidole, akatambua kwamba mkono wake ni wa mtu mzima. Akamwita mtoto wa jirani, akachora na mkono wake. Mahali pa vitufe palitoka kati ya mikono hiyo miwili. Kitufe cha namna ya Kijapani huingia katika tundu la milimita 30, na milimita mbili za kosa hugeuza bamba kuwa bati la paa. Alitoboa matundu sita, matatu kila upande, polepole, akimwagia maji ili chuma kisipate moto. Kila kitufe kina miguu miwili. Mmoja ulikwenda peke yake hadi mahali pake katika ubao wa kupokea amri, na mwingine uliungwa na wa jirani yake, na wa jirani ya jirani, mpaka wote wakawa katika waya mmoja wa pamoja. Alilehemu usiku, wakati umeme haupandi wala kushuka sana.

Mama alimkuta katika kazi hiyo. “Vyote hivi vya nini? Dubwi lina kitufe kimoja, na watu wanalifuata.”

“Ndiyo sababu, mama. Kitufe kimoja hakina la kujifunza.”

Labda fundi alisema hivyo ili kutetea gharama zake, maana vitufe vile vilikuwa ghali. Hata hivyo neno lake lina uzito. Mtu anayebonyeza kitufe cha kubahatisha kwa mara ya elfu hana ujuzi zaidi ya alivyokuwa mara ya kwanza. Mashine humjua yeye kila siku zaidi, naye haijui. Mtoto mwenye vitufe sita hupigwa siku nzima, na sarafu yake humezwa vile vile, jambo lisilofaa kufichwa. Lakini ipo siku kidole chake cha tatu hufika mahali kwa wakati wake, na tangu hapo sarafu moja humkalisha muda mrefu kuliko mwenye kibanda apendavyo.

Kasoro moja haikupata dawa. Kumbukumbu ya ubao husahau kila kitu umeme ukatikapo. Zamani ilikuwa na betri yake ya kuishikiza, lakini betri hiyo ilikwisha kufa kwa umri, na mfano wake haukupatikana mjini. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya pambano, bingwa na mshindwa hupotea pamoja, na urudipo ni lazima kompyuta ndogo iamke, imwite jirani yake kwa anwani, na kuumimina mchezo upya.

Kabati lilirudi Kirumba siku tatu kabla ya mwezi mpevu. Yule mtu wa dubwi alipita, akahesabu vitufe kwa macho, akaenda zake bila kusema neno. Usiku wa kwanza umeme ulikatika mara mbili. Wavuvi walinung’unika, mtoto mmoja akadai sarafu yake, naye mama akamrudishia. Katika giza la pili, wakati kabati lilipokuwa likiyakumbuka yaliyotoka, vijana wawili walichimba mashimo mchangani nje ya mlango, wakaokota kokoto, wakaanza mchezo wa isolo ambao Wasukuma waliucheza kabla ya umeme kuwako. Kioo kilipowaka, wa mbele katika foleni aliitwa. Akasema aliye nyuma yake atangulie, kwa kuwa yeye bado alikuwa na kete nne za kuhesabu.