Mjomba, mtungi na mizani

Umewahi kumweka mjomba wako kwenye mizani? Mimi nimewahi. Usicheke kwanza, kaa hapo nikupe mkanda mzima.

Wewe wa mjini, unayebonyeza simu na kuletewa gesi mlangoni huku umevaa kanga, hii habari utaiona ya kishamba. Lakini mwenzako nilikaribia kukosana na ukoo mzima kwa ajili ya mtungi wa kilo 15. Na nilichojifunza hapo kinakuhusu hata wewe wa Kinondoni.

Nina mgahawa Mlali. Kama hupajui, ukitoka Moro mjini unashika barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unakata kushoto kuifuata milima. Barabara hiyohiyo ndiyo inayopanda Mgeta. Alfajiri magari yanashuka na kabichi, karoti na njegere, na msimu wa nyanya ndiyo usiseme, wachuuzi wanajaa hadi wanakosa pa kukaa. Wapakiaji wana njaa, madereva wana njaa, mimi nina supu na chapati. Meza nne, mabenchi, na bati linalovuja kona moja. Biashara ni biashara.

Nilianza na mkaa. Sitaki hata kuukumbuka. Masika gunia linalowa, linatoa moshi kama treni ya zamani, na bei ndiyo kwanza inapaa. Halafu unajua kabisa kwamba huo mkaa unatoka kwenye miti ya vilima vinavyoulisha Mto Mlali, na mto huo ni mmojawapo wa mito inayojaza Bwawa la Mindu ambalo watu wa Morogoro mjini wanalitegemea kwa maji. Unapika supu huku unakunywa kisima chako mwenyewe. Mwaka 2022 mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, achana na masizi, utazeeka kabla hujaolewa." Yeye alikuwa ameanza kuuza gesi dukani kwake. Akanipa mtungi na jiko la plati mbili kwa mkopo, nilipe kidogo kidogo. Baadaye nikaongeza mitungi miwili, ikawa mitatu. Yote ya kampuni moja, ambayo sitaitaja.

Kwa asiyejua mambo ya Waluguru, kwetu ukoo unafuata upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti, hasa kwenye masuala ya ardhi. Na kile kiwanja chenye mgahawa wangu ni cha ukoo. Unaona mtego ulivyokaa? Anayeniuzia gesi ni mjomba, anayenidai ni mjomba, na mwenye neno juu ya mahali ninapoweka jiko ni mjomba huyohuyo.

Mambo yalikwenda vizuri zaidi ya mwaka. Mtungi mmoja nilikuwa nautumia siku 9. Nilijua, kwa sababu nina daftari. Basi bwana, kufika mwaka 2024 nikaanza kuona siku 8, halafu siku 7. Siku moja gesi ikakata saa 12 asubuhi, supu haijachemka, wapakiaji 15 wamekaa wananitazama kama nimewaibia. Nikakimbilia dukani kwa mjomba. Akacheka. "Hiyo ni baridi ya Uluguru, mpwa wangu. Gesi inaganda."

Nilirudi nimeridhika nusu. Nikamuuliza kijana mmoja anayesoma Mzumbe, mteja wangu wa chapati. Akaniambia nisiingizwe mjini nikiwa kijijini. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propane na butane, na hiyo butane ambayo ndiyo mvivu zaidi, inagoma kutoka pale baridi inapofika karibu na nyuzi sifuri. Mlali ipo miguuni mwa mlima. Hatujawahi kuona barafu hapa ila ile ya kwenye friji ya soda.

Hata hivyo sikutaka kumlaumu mtu kabla sijajikagua. Nikachukua povu la sabuni nikapaka kwenye mpira wa gesi, kwenye koki na kwenye regulator. Pakivuja utaona mapovu yanapumua. Hayakupumua. (Na usijaribu kutafuta uvujaji kwa kiberiti, utatafutwa wewe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inajilaza chini kwenye sakafu inakusubiri.) Nikatazama moto: wa bluu, haukuwa wa njano, na haukuzidi tako la sufuria. Nikaangalia daftari: chapati ni zilezile, supu ni ileile. Sasa gesi inakwenda wapi?

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye mtungi wenyewe, siku zote nilikuwa naliona na kulipita. Pale juu, karibu na mshikio, kila mtungi umegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Wangu uliandikwa 15.9. Maana yake, ukijazwa gesi kilo 15 unatakiwa usome 30.9. Hesabu ya darasa la tatu.

Nikaubeba mtungi mpya, ambao sili yake haijaguswa, nikaupeleka kwenye mashine ya kusaga. Wana mizani pale ya kupimia mahindi. Nikauweka. Sindano ikasimama kwenye 28.3. Nikaushusha, nikaupandisha tena. 28.3. Kilo 2 na nusu na kitu hazipo!

Wakati ule nilikuwa nanunua mtungi kwa shilingi 57,000, yaani kilo moja ni 3,800. Kilo 2.6 zilizoyeyuka ni shilingi 9,880. Kwa mwezi natumia mitungi 4, kwa hiyo karibu elfu 40 zilikuwa zinapotea. Msichana anayenisaidia kuosha vyombo alikuwa ameniomba nimwongeze elfu 20, nikamwambia hali ngumu. Hali haikuwa ngumu. Nilikuwa napigwa changa la macho.

Nilikwenda kwa mama usiku ule nimevimba kama andazi. Nikamwambia kesho namfuata kaka yake dukani mbele ya wateja wake wote, kieleweke. Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. "Mjomba haulizwi mbele za watu. Utashinda leo, halafu utakaa wapi?"

Nikachekecha bongo. Kesho yake jioni nikampitia mjomba, shikamoo marahaba, nikamwomba anisindikize na mtungi mwingine mpya kutoka kwenye stoo yake. Mashine ilikuwa imefungwa, lakini mwenye mashine ni mtu wangu, akatufungulia. Tulikuwa watatu tu na taa ya balbu moja. Nikapandisha mtungi. Sikusema neno. Ulipungua kilo 2 na robo.

Mjomba aliutazama mshale muda mrefu. Halafu akapandisha mtungi yeye mwenyewe, mara ya pili. Akaniambia yeye huletewa na pikapu, anapokea ukiwa na sili, analipa, hajawahi kupima. Mizani hana. Bei ya yule jamaa ilikuwa chini kidogo kuliko ya mjini na yeye akaona ni dili.

Nilimwamini? Nusu. Ile nusu nyingine inaniuma mpaka leo, kwa sababu mtu anayenunua rahisi bila kuuliza kwa nini ni rahisi, na yeye ana mkono wake kwenye sufuria yangu. Na kanuni za EWURA zinamtaka muuzaji wa gesi awe na mizani dukani ili mteja apimiwe akiona. Hili si ombi la hisani, ni haki yako.

"Sasa unahama?" akaniuliza. Nikamjibu, "Mjomba, mtungi wako nitakulipa mpaka senti ya mwisho. Lakini gesi nitanunua penye mizani." Akazima taa akatoka. Wiki tatu hakukanyaga mgahawani kwangu. Wiki tatu nilikuwa nalala nikisubiri mtu aje aniambie kiwanja kinahitajika.

Kuhama nako si lelemama. Nilipanda gari hadi Moro mjini nikazunguka kwa mawakala watatu. Wa kwanza aliangalia mtungi wangu akatikisa kichwa: kampuni hiyo hatubadilishi, hautoki. Hapo ndipo nilipogundua kuwa unaponunua mtungi wa kwanza unakuwa umeolewa. Ukichukua wa kampuni isiyozagaa kwa sababu ni rahisi, siku ya kuachana utalipa mahari mara mbili. Wa pili alikubali kubadilisha, bei nzuri, tabasamu zuri, lakini nilipouliza mizani akasema imekwenda kutengenezwa. Nikamwambia ikipona anisalimie.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mkali kidogo. Mizani ipo mlangoni, ina alama ya Wakala wa Vipimo. Hakungoja niombe, akapandisha mtungi mwenyewe, akanionyesha namba ya mtupu, akatoa hesabu kwa sauti, akaandika risiti. Bei yake ilizidi ya mjomba kwa shilingi 2,000. Unaona? Kwa macho ni ghali. Kwa kilo ni nafuu. Ukigawa 57,000 kwa kilo 12.4 nilizokuwa napata, kilo moja ilikuwa inanigharimu karibu 4,600. Kwa yule mama, 59,000 kwa kilo 15 kamili, haifiki 3,950. Hata ukiweka nauli ya mtungi kwenye gari la Mlali bado niko mbele.

Tukajadiliana kuhusu mitungi yangu mitatu. Alikubali kuichukua kwa kuongezewa pesa kidogo kwa kila mmoja, na si yote kwa mpigo. Nikahama mmoja mmoja. Wa kwanza nikautumia hadi mwisho nikihesabu siku kwenye daftari: siku 9 na asubuhi ya siku ya 10. Nikahamisha wa pili. Sikuvunja nyumba ya zamani kabla ya kuona ya mpya kama inavuja. Pia nilihakikisha regulator yangu inakaa sawa kwenye mtungi wa kampuni mpya, maana kulazimisha regulator ni kucheza na roho za wateja. Na mitungi inasafiri ikiwa imesimama, imefungwa, si kulazwa nyuma ya bodaboda kama mbuzi wa mnada.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati unaotaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Safi sana, naunga mkono mia kwa mia, moshi nimeula vya kutosha. Lakini mama ntilie akiacha mkaa halafu akauziwa mtungi nusu hewa, atarudi kwenye mkaa na hutamwona tena. Mkaa angalau unaona gunia limejaa au halijajaa.

Yule dada wa kuosha vyombo nimemwongeza elfu 20 zake. Deni la mjomba nililimaliza mwezi wa tatu tangu nihame, nikampelekea mama ampe.

Mjomba mwenyewe alirudi siku moja asubuhi, akakaa benchi la kona, lile linalovujiwa. Akaagiza chai na chapati mbili. Alikula kimya. Mwisho akauliza, kama mtu anayeulizia mvua, "Hivi ile mizani kama ya pale mashineni, inauzwa bei gani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akamaliza chai, akalipa yote, hata chenji akaisubiri. Suala la kiwanja hakuligusa.

Siku akiweka mizani mlangoni kwake nitafikiria kurudi. Nitafikiria tu. Nyie huko mjini, leo jioni mkirudi nyumbani inameni mtazame namba iliyogongwa kwenye mtungi. Halafu tafuteni mizani. Kazi kwenu.