Ameungua Saa Ngapi?

Mbulu ni nchi ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hushuka mpaka milangoni, na moto wa mafiga hauzimwi: uji unachemka hapo, watoto wanalala kando yake, wazee wanauota mpaka usiku wa manane. Nilipoanza uuguzi miaka ya 1980, wakati wilaya yetu na Hanang zilikuwa bado ndani ya mkoa wa Arusha, nilikuta majeraha ya moto ni jambo la kila msimu.

Aliyeungua aliletwa akiwa amekwisha kupakwa: dawa ya meno, ute wa yai, unga, majivu, hata mafuta ya taa. Kituoni nako kazi ilianzia kwenye kidonda. Kiliogeshwa, kikapakwa GV, ile dawa ya zambarau, kikafungwa. Mtoto aliyemwagikiwa uji alilia usiku kucha, kesho yake akatulia, na nyumba nzima ikashukuru. Kumbe utulivu ule ndio uliokuwa wa kuogopwa. Ngozi ikiungua eneo kubwa, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Maji huhama kutoka kwenye damu na kujaa kwenye nyama. Mkojo hupungua, mikono na miguu hupoa, fahamu hufifia. Wengi walikufa kwa kukaukiwa hivyo, kabla kidonda hakijapata hata nafasi ya kuoza.

Duniani elimu hiyo haikuwa ngeni. Moto wa ukumbi wa Cocoanut Grove kule Boston, mwaka 1942, uliua watu 492, na madaktari waliowatibu walionusurika walijifunza mengi juu ya maji yanayopotea mwilini. Mwaka 1968 Charles Baxter na wenzake wa Dallas walitoa hesabu ya kuyarudisha maji hayo, ambayo bado tunaitumia. Kuja kwake mpaka kwenye vituo vya milimani kulichukua miaka mingi mno, na kila nikiikumbuka miaka hiyo huniuma.

Semina zilipoanza kutufikia, mpangilio wa kazi uligeuka. Kwanza pumzi: sauti imekwaruza? Kuna masizi puani, nyusi zimeungua? Huyo koo linaweza kuvimba na kuziba ndani ya saa chache, asisubiri foleni. Kisha eneo. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili. Kichwa cha mtu mzima ni asilimia 9, cha mtoto mchanga 18, na ngozi iliyokuwa nyekundu tu bila malengelenge haihesabiwi. Halafu kina. Jeraha lenye malengelenge linalouma sana lina matumaini ya kupona lenyewe. Lililo jeupe au kavu kama ngozi ya ngoma, ambalo mgonjwa hasikii ukiligusa, limekwenda chini na litahitaji kupandikizwa ngozi.

Hesabu ya Baxter ni mililita 4, mara uzito kwa kilo, mara asilimia iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 20 anahitaji mililita 4,800 za maji ya mishipani ya Ringer kwa saa 24, na nusu yake iingie katika saa 8 za kwanza. Saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua. Kwetu hapo ndipo penye uzito wote, maana mtu wa bonde la Yaeda anaweza kufika saa tano baada ya ajali, na zile 2,400 zimebakiwa na saa tatu tu. Baada ya hapo mkojo ndio unaotuambia tuongeze au tupunguze.

Ndiyo maana nilizoea kuuliza, "Mama, mtoto ameungua saa ngapi?" Jibu lilikuwa, "Ng'ombe walikuwa wanarudi." Basi tukakaa naye tukaligeuza kuwa saa kumi na mbili jioni, tukaandika.

Nyumbani pia mambo yalibadilika, ingawa kwa shida. Maji safi juu ya jeraha kwa dakika 20, ndani ya saa tatu za mwanzo, ni tiba kubwa kuliko chochote kinachopakwa. Lakini upande wa Hanang, ambako ndoo hubebwa na punda, nani atamwaga maji dakika 20? Tukafundisha kukinga kwa beseni safi na kumwagia tena kwa kopo. Na kwa baridi yetu: poza jeraha, mfunike mtoto blanketi sehemu nyingine zote, barafu usiguse.

Liko kundi ambalo maji hayo mara nyingi hayakuliwahi: wenye kifafa. Walianguka motoni wasijitambue, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwavuta wakiamini povu la mdomoni linaambukiza. Niliona mikono iliyoungua mpaka mfupa. Watafiti katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom wamekichunguza kifafa cha eneo hili, pamoja na uhusiano wake na tegu wa nguruwe, ambaye vifuko vyake huweza kukaa kwenye ubongo wa mtu. Kifafa hakiambukizwi kwa povu. Na fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, ni kidonge cha bei ndogo. Nikiingia zahanati nikakuta kimeisha, mimi huandika pengo hilo kwenye orodha ya mahitaji ya majeraha ya moto, sambamba na Ringer na bandeji, na wauguzi vijana ninaowatembelea nimewaomba waandike vivyo hivyo.