Kukoroma Si Kulala Vizuri

Ndugu msomaji, je, wewe hukoroma? Usijibu haraka. Muulize kwanza mtu anayelala karibu nawe.

Mimi ni Bwana Shamba. Ninafanya kazi Lingeka, mkoani Simiyu. Nina umri wa miaka 46. Kwa miaka mingi nilikoroma sana. Watoto wangu walicheka. Walisema baba analima usiku kwa trekta. Na mimi nilicheka. Nilidhani mtu anayekoroma amelala vizuri. Kumbe sivyo.

Asubuhi niliamka nimechoka, kichwa kinauma. Kwenye mikutano nilisinzia. Siku moja, saa nane mchana, nilikuwa natoka kukagua mashamba ya pamba. Nikasinzia juu ya pikipiki. Nilizinduka nikiwa ndani ya shamba la watu, pikipiki imenilalia mguu. Namshukuru Mungu sikumgonga mtu. Njia ile hupita watoto wa shule.

Usiku ule mke wangu aliniambia, "Baba watoto, wewe hukoromi tu. Unakoroma, halafu unanyamaza kabisa. Hupumui. Mimi nakaa macho nakusubiri. Kisha unashtuka kama mtu aliyetolewa majini." Kumbe miaka yote hiyo mwenzangu hakulala.

Jirani mmoja alinishauri nikakatwe kimeo. Nilikataa. Watu waliokatwa kimeo kienyeji wametokwa damu nyingi, vidonda vimeoza, na wengine wamekufa. Wewe pia ukataе.

Wiki ile jino liliniuma. Nilikwenda hospitali nikang'olewe. Nikiwa kwenye kiti nangoja, nikasinzia na kukoroma. Daktari wa meno akaniamsha. Akaniuliza, "Je, nyumbani wanasema unaacha kupumua ukilala?" Nilishangaa. Nilidhani kazi ya daktari wa meno ni kung'oa tu.

Akanieleza hivi. Tukilala, ulimi na nyama za koo hulegea. Ulimi huanguka nyuma. Njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa ikipita hapo, nyama zile hutikisika. Huo ndio mkoromo. Kwa watu wengine njia huziba kabisa, kama mfereji uliojaa tope. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Mwili hushtuka ili upumue, mara nyingi kwa usiku mmoja. Ndiyo maana mchana mtu husinzia. Ugonjwa huu huweza pia kupandisha shinikizo la damu na kuudhuru moyo.

Yeye hakunitibu siku ile. Alinipeleka kwanza kwa daktari mwenzake nipimwe. Maana si kila mkoromo ni ugonjwa. Baadaye nilipewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Niliuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya safari na matibabu.

Huko daktari wa meno alichukua vipimo vya kinywa changu. Niliuma kitu laini kama udongo uliokandwa, alama za meno zikabaki. Kwa alama hizo kilitengenezwa kifaa cha plastiki. Kina sehemu mbili, ya meno ya juu na ya meno ya chini. Nakivaa usiku tu. Huvuta taya la chini mbele kidogo. Taya likija mbele, ulimi nao huja mbele, na njia ya hewa hubaki wazi. Ni kama jiwe unaloweka mlangoni ili mlango usijifunge.

Siku za kwanza mate yalinijaa na taya liliuma asubuhi. Nilirudi kwa daktari akakirekebisha. Sasa nimezoea. Nakoroma kidogo tu, na mchana sisinzii.

Kifaa hiki hakimfai kila mtu. Huhitaji meno ya kutosha na yenye afya, maana hushika kwenye meno. Kwa hiyo piga mswaki kila siku, wala usikimbilie kung'oa jino linaloweza kuzibwa. Mwenye ugonjwa mkali huenda akahitaji mashine ya kusukuma hewa puani. Mtoto anayekoroma kila usiku apelekwe kwa daktari, maana mara nyingi ni mafindofindo.

Ndugu msomaji, yapo mambo unayoweza kuanza leo bila fedha:

1. Lala ubavu, usilale chali.
2. Usinywe pombe jioni. Pombe hulegeza koo.
3. Acha sigara.
4. Kama umenenepa sana, punguza uzito.
5. Ukisikia usingizi, usiendeshe pikipiki wala baiskeli.

Lakini kama unaacha kupumua usingizini, au unasinzia mchana, nenda hospitali. Usione haya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mkoromaji hajisikii mwenyewe. Mwenzako ndiye anayesikia. Muulize leo, naye akikwambia, usicheke kama nilivyocheka mimi.